Baraza Lililohamia Ndani

Kwetu Kombani, ukimwambia mtu unaenda hoteli, anajua una njaa. Hoteli ni chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi, benchi la mbao na redio iliyofungwa kwa mpira isianguke. Pa kulala panaitwa gesti, na kwa kuwa gesti zina sifa zake, mtu huzitaja kwa sauti ya chini. Kwa hiyo nilipopiga simu nyumbani kusema nitalala siku mbili katika "hoteli butiki" ng'ambo ya kivuko, dadangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa wewe utalala dukani?" Kwake butiki ni pale njia panda, barabara ya Kwale mjini inapoachana na ile ya Ukunda, panapouzwa madera.

Nikiri mapema: sikulipa mimi. Nilialikwa kwenye warsha ya waandishi, na waliotualika ndio waliolipia vyumba. Ukiona nasifu, zingatia hilo. Ukiona nalaumu, basi ujue angalau usingizi wa bure haukunitia upofu. Jina la hoteli silitaji, maana ninayotaka kusema si ya hoteli ile peke yake. Imo ndani ya nyumba ya kale, uchochoro mmoja kutoka Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, na ilikuwa imefunguliwa upya miezi michache tu baada ya ukarabati. Wenyewe wanasema ni hoteli ya usanifu. Yaani hukuja kulala tu, umekuja pia kutazama.

Basi nimetazama.

Nianze na haki yao, kwa sababu wanayo. Kuta wamezipaka chokaa, si saruji. Hilo si jambo dogo. Ukuta wa mawe ya matumbawe una chumvi na unyevu ndani yake. Ukiupaka saruji unauziba pumzi, maji yanabaki ndani, na baada ya miaka michache plasta inavimba na kubanduka vipande vipande kama gamba la mkate wa sinia ulioungua. Chokaa huuacha ukuta upumue. Ila chokaa inataka subira na fundi anayeijua, na mafundi hao wanazidi kuwa wachache. Aliyeamua kuwatafuta badala ya kumwita kijana mwenye mifuko kumi ya saruji anastahili shukrani.

Tena hawakuvunja kuta ili vyumba viwe vipana. Vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba, na sababu yake si mapenzi ya mtu. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari la mawe ikavuka zaidi ya mita mbili na nusu hivi, labda tatu ikiwa nzuri. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Nililala chini ya boriti 17. Nilizihesabu zote, usingizi ulipokataa kuja. Upepo wa bahari uliingia kwa dirisha la juu na kutokea mlango wa kiwanda cha ndani, na kile kiyoyozi walichoficha nyuma ya kimia cha mbao sikukiwasha hata mara moja. Nyumba ilijua kujipoza kabla sisi hatujazaliwa.

Na tunajua ukarabati ukienda mrama huwaje. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 pale Forodhani, Unguja, ilianguka kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wakapoteza maisha. Huku kwetu nyumba nyingi hazina hata kishindo hicho. Paa linatoboka, mvua inaingia, warithi hawaelewani, na siku moja unapita unakuta kifusi na mti wa mpapai umeota katikati. Kwa hiyo mtu akiniambia hoteli hizi zinauharibu Mji wa Kale, humuuliza kwanza: nyumba hii ingekuwa wapi leo bila hoteli?

Sasa nije kwa mbuzi.

Ukutani, kwenye ngazi, wametundika mbuzi saba za kukunia nazi. Zimepangwa mstari mmoja, kila moja na taa yake ndogo, kama picha za mababu. Ni mbuzi za kweli, za zamani, mbao zake zimeng'aa kwa makalio ya vizazi. Moja ulimi wake umelika upande wa kushoto, na nilisimama mbele yake muda mrefu kwa sababu ya marehemu bibi yangu ililika hivyo hivyo. Alikuwa akikuna kwa mkono wa kushoto. Nakiri nilipata uchungu mzuri pale, ule ambao kazi ya sanaa ikikupa huwezi kuilaumu.

Asubuhi nikashuka kula. Maharagwe ya nazi yalikuwa na ladha ya bati kwa mbali. Nikamuuliza mpishi, kijana mpole sana, tui wanakuna saa ngapi. Akacheka. "Ni la paketi, bro. Nani atakuna nazi hapa?"

Mbuzi saba ukutani, na jikoni hamna hata moja.

Ni rahisi kumaliza hapa, msomaji, kwa kicheko, na makala nyingi za kulaumu hoteli humalizia hapa: wamegeuza utamaduni kuwa pambo, kwisha habari. Lakini lawama hiyo haiwi kweli ukiitazama vizuri. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa chumba cha mwisho, kile kiitwacho ndani, ulijaa vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe Waamu, na katika vidaka viliwekwa vyombo vya kauri vilivyokuja na majahazi. Vingi havikuliwa chakula. Vilikuwa vya kuonwa. Prita Meier, katika kitabu chake *Swahili Port Cities* cha mwaka 2016, anaonyesha jinsi majengo ya mawe ya pwani yalivyokuwa njia ya wenyeji kujitangaza kuwa ni watu wa bahari, wenye mkono unaofika mbali. Kujionyesha hatukufundishwa na watalii. Sinia la China juu ya kidaka na mbuzi ya Kwale juu ya ngazi ni ndugu. Tofauti ni kwamba sasa sisi ndio tumekuwa wa mbali.

Kwa hiyo sitalaumu pambo. Lawama yangu iko mlangoni, nje.

Nyumba ya kale ya pwani ni nyumba ya siri. Ukuta mrefu kwa mbele, madirisha machache, mlango mzito, na hata ukifunguliwa kuna kona kwanza ili jicho la mpita njia lisifike kwa wenye nyumba. Lakini mjenzi wa zamani alijua kwamba ukijifungia hivyo katikati ya watu, unadaiwa. Deni hilo alililipa kwa baraza. Aliwajengea watu kikalio cha mawe nje, kwenye ukuta wake mwenyewe, kwa mawe na chokaa aliyoinunua yeye, ili akae yeyote. Lamu kuna daka zima mbele ya mlango, mabaraza pande mbili. Mombasa mara nyingi ni kikalio kimoja tu chini ya dirisha, na kinatosha. Hapo ndipo habari hutoka na kuingia, hapo bao huchezwa, hapo muuza kahawa hutua dele lake. Mwenye nyumba akitaka kukuona bila kukuingiza, anatoka mnakaa. Mgeni akitaka kusubiri, anasubiri amekaa, si amesimama. Tena tazama neno lenyewe lilikofika: chifu akiita watu, ni baraza, mawaziri wakikutana, ni Baraza la Mawaziri. Serikali nzima imepanda juu ya kile kikalio cha mawe.

Hoteli yangu ina baraza la nje. Wamelikarabati vizuri kuliko kitu kingine chochote pale, kingo zake zimenyooka, niru yake ni nyeupe kama samli. Na juu yake wamepanga vyungu vya udongo tisa, vimebanana, kila kimoja na mmea wa miiba. Hapana mahali pa kuweka kiganja, sembuse mtu.

Halafu ndani, katika kiwanda, wamejenga baraza jipya, pande zote nne, lina mito ya kitani na taa za shaba. Hata kwenye kadi ya vinywaji panaitwa hivyo: Baraza. Ni pazuri, sikatai. Nilikaa pale usiku wa kwanza na wenzangu wa warsha tukazungumza habari za fasihi ya Kiswahili na msomaji wa kawaida, yuko wapi, mbona hatufikii.

Msomaji wa kawaida alikuja kesho yake.

Mjomba wangu hushona makuti. Si yale ya kumba, ni makuti ya viungo: hukunja majani ya mnazi juu ya ufito, moja baada ya jingine, na kuyashona kwa safu moja hadi mwisho. Amefanya kazi hiyo chini ya mwembe mmoja tangu sijazaliwa. Dalali huja na pikapu, anahesabu, analipa, na kila kuti bei yake haitoshi kikombe cha chai. Mengi huenda Diani. Sisi wa kusini tunazijua hoteli za Diani kwa mapaa yao, maana ndicho kitu kinachoonekana juu ya ukuta ukiwa barabarani. Hoteli zimetazama bahari, mgongo ziko nao kwetu. Agosti 1997, vurugu zilipozuka Likoni na wageni wakakimbia, mjomba alishona kwa miezi bila mnunuzi, makuti yakarundikana mpaka mchwa wakayamaliza. Mwaka 2020, wakati wa corona, ikawa vile vile. Kwa maneno mengine, mjomba ana hisa katika hoteli, ila hisa zake hulipa hasara tu.

Basi safari hii dalali alimwambia kwamba mzigo wake wa mwisho haukwenda Diani. Umevuka kivuko, umeezekea ukumbi wa juu wa hoteli mpya Mji wa Kale. Mjomba alipopata habari ninalala wapi, hakupiga simu kwanza. Alivaa kanzu, akafunga korosho kwenye mfuko, akapanda matatu mpaka Likoni, akavuka.

Askari wa mlangoni alimuuliza kwa adabu anamtafuta nani. Akasema, mpwa wangu. Chumba namba gani? Sasa mjomba angeijuaje namba? Akaambiwa asubiri. Simu yangu nilikuwa nimeizima, niko kikaoni. Akatafuta pa kukaa, akaona miiba. Akavuka uchochoro akasimama upande wa pili, juani, karibu saa nzima, akitazama juu ajaribu kuona paa lake. Kutoka chini halionekani.

Na mimi? Hapa ndipo pagumu kuandika. Nilishuka kwa bahati tu, wakati wa mapumziko, nikamwona. Nikafurahi, wallahi nilifurahi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa korosho zangu. Kisha macho yangu yakashuka yakaona ndara zake, na vumbi la kivuko kwenye pindo la kanzu, na katika kufumba na kufumbua nikaona mito ya kitani, nikaona wenzangu wa warsha, nikasikia mdomo wangu ukisema: "Mjomba, twende tukanywe kahawa pale nje, kahawa ya nje ndiyo tamu."

Sikwenda mapokezi kuuliza kama anaweza kupanda. Huenda wangekubali. Huenda wangempandisha na kumpa juisi na kumpiga picha chini ya paa lake, na leo ningekuwa naandika makala nyingine. Sijui, kwa sababu sikuuliza. Askari alimuuliza swali. Mimi sikumuuliza hata swali, nilimwamulia. Nilikuwa nimelala pale usiku mmoja tu, na nyumba ilikuwa imeshanifundisha kazi ya askari, tena bila mshahara.

Hicho ndicho ninachokiita usanifu. Chokaa na boriti ni ufundi, na ufundi wao ni safi. Usanifu ni ile amri ambayo nyumba inakupa bila kusema: kaa hapa, pita pale, huyu ni mwenzio, huyu si mwenzio. Baraza la zamani lilitoa amri moja: kaa. Vyungu tisa vinatoa nyingine. Aliyevipanga labda alitaka kijani kidogo tu mbele ya ukuta mweupe, na kwenye picha kweli panapendeza. Lakini nyumba haijui nia ya mpambaji. Inajua tu mahali palipozibwa.

Kule Unguja kuna jumba la karne ya 19 liitwalo Mambo Msiige, ambalo tangu 2015 ni sehemu ya hoteli kubwa ya kimataifa. Jina lake ni la kujigamba: tazameni, msijaribu kuiga. Nimelifikiria jina hilo mara nyingi tangu nirudi. Hoteli zetu hizi kazi yake ni kuiga, na kuiga si dhambi. Nyumba ya kale yenyewe iliiga ng'ambo zote mbili za bahari. Kasoro ni kuiga nusu. Wamechukua kila kilichokuwa ndani ya nyumba ya Mswahili, vidaka, mlango, kiwanda, hata kile kimya, wakaacha kitu kimoja ambacho mwenye nyumba alikijenga kwa ajili ya asiyekuwa mgeni wake. Wakakihamishia ndani na kukiwekea bei.

Najua nitajibiwa kwamba hoteli ni biashara, si wakfu. Sawa. Mwenye nyumba wa zamani naye alikuwa mfanyabiashara, mara nyingi mkubwa, na pesa zake si zote zilikuwa halali. Simfanyi walii. Lakini hata yeye, na ubahili wake wote, aliona hasara kukosa watu mlangoni. Nitajibiwa pia kuhusu usalama. Hapo nitasema tu kwamba uchochoro wenye wazee wanne kwenye baraza hauhitaji askari anayeuliza namba ya chumba.

Tulikunywa kahawa nyumba ya tatu kutoka pale, kwenye baraza la mtu tusiyemjua. Mwenyewe alitoka akatukuta, akasema salaam aleikum, akaenda zake. Muuza kahawa akatumiminia mara mbili. Sikuweza kustahimili, nikamwambia mjomba angoje kidogo, nikakimbia mpaka ukumbi wa juu, nikapiga picha za paa kwa simu, kila upande, nikashuka mbio kama mwizi. Nikampa simu.

Alizitazama kwa makini, akizikuza kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na wajukuu. Nilingoja aseme pazuri.

"Haya ni yangu," akasema. "Huu mshono ni wangu." Kisha akanyamaza, akaitazama moja tena. "Lakini paa wamelilaza. Kuti halilazwi. Likilala, maji hayateremki, yanakaa. Na wameyapanga mbali mbali kubana matumizi. Masika ya kwanza watasema makuti mabaya. Ya pili itawanyeshea mezani."

Nikamwambia labda walilaza paa lisizuie mandhari ya bahari. Akanirudishia simu.

"Mandhari sawa," akasema. "Sasa si wangeniuliza mimi? Mbona leo nimesimama pale saa nzima, niko bure."

Hakulisema kwa hasira. Kuhusu askari alisema tu ni kijana wa watu, anafanya kazi yake. Kuhusu mimi hakusema kitu, na mpaka leo sijui kama alielewa kwa nini kahawa ya nje ndiyo ilikuwa tamu. Nilimsindikiza mpaka kivukoni. Usiku ule nililala tena chini ya boriti zangu 17, kitanda kizuri, shuka baridi, upepo ule ule.

Ukiniuliza kama ulale pale, nitakwambia lala, ukipata wa kukulipia. Utaona kazi ya chokaa ambayo watoto wetu huenda wasiione. Simama mbele ya mbuzi yenye ulimi uliolika. Ila ukitoka asubuhi, sukuma chungu kimoja kando, kile cha mwisho upande wa Ndia Kuu. Si kizito, nilijaribu siku ya kuondoka. Panapatikana nafasi ya mtu mmoja, mwembamba, akitunza kanzu yake.